Jinsi ya kuchangamsha ukurasa wa biashara ndogo: anza kwa kuandika bei

Ninauza viungo: pilau masala, chai masala, pilipili manga ya kusaga na masala ya samaki. Nachambua, nakaanga na kusaga nyumbani, Tabata, Dar es Salaam, kisha nauza kwa Instagram na WhatsApp. Fremu sina. Mteja wangu hawezi kunusa iliki kabla ya kutoa hela, hawezi kushika pakiti akaigeuza nyuma, wala haoni kama mikono yangu ni misafi. Ananiamini kwa ninayoandika na kwa namna ninavyomjibu.

Mwanzoni sikulijua hilo. Nilikuwa naweka picha ya kopo lenye lebo, chini yake naandika "Karibuni wateja wetu, tunapatikana Tabata, kwa mawasiliano piga namba hii", naondoka. Kesho narudi na picha nyingine ya kopo lile lile. Watu walipita kama wanavyopita mbele ya bango la barabarani. Tumezoea kusema biashara matangazo, na ni kweli, lakini duka dogo la mtandaoni linalishwa na mazungumzo: mtu ameuliza akajibiwa, amelalamika akasikilizwa, ametoa wazo likachukuliwa. Hatua zilizo hapa chini ndizo nilizopitia mwenyewe, na nimewaelekeza wenzangu watatu wa kikoba chetu: mmoja anashona, mwingine anaoka keki, mwingine anauza mitumba ya watoto. Zifuate kwa mpangilio huu, maana ya kwanza ikikosekana zinazofuata zinakuwa kazi bure.

Hatua ya 1: Andika bei

Hakuna maneno yanayofukuza wateja kama "bei njoo inboksi". Najua kwa nini tunayaandika. Tunaogopa jirani anayeuza kitu kama chetu asije akashusha. Tunataka kwanza tumwone mteja ni wa aina gani. Wengine wameambiwa kwamba watu wakiuliza bei kwenye komenti, ukurasa unachangamka.

Mteja yeye anaelewa kitu kingine kabisa. Anaelewa kwamba bei inategemea atakavyoonekana, na kwamba akiuliza halafu asinunue ataanza kusumbuliwa. Anapita. Na ubaya wake ni kwamba hutajua kamwe kuwa alipita, kwa sababu aliyepita haachi alama.

Mimi naandika hivi, mstari wa pili au wa tatu wa maelezo, kabla Instagram haijayakata:

"Pilau masala gramu 100, sh 5,000. Gramu 250, sh 11,000. Bodaboda Tabata, Segerea na Buguruni sh 2,000. Sinza, Mwenge na Kinondoni sh 4,000. Kigamboni na Mbagala tunaelewana."

Gharama ya kuletewa ni sehemu ya bei. Mtu akishakubali 5,000 halafu akaambiwa kuna 4,000 nyingine ya boda, anajiona amenaswa.

Kama kazi yako haina bei moja, andika inapoanzia na kinachoipandisha. Mwenzangu wa keki anaandika: "Keki ya kilo moja inaanzia sh 35,000. Ukitaka picha juu yake au ghorofa ya pili, inaongezeka." Inatosha. Mtu anajua kama mfuko wake unafika au haufiki, na hakuna aliyeona haya.

Wiki ya kwanza baada ya kuanza kuandika bei, komenti zangu zilipungua. Usishtuke ikikutokea. Zilizopungua ni zile za "bei?" na "sh ngapi?". Zilizokuja baadaye zilikuwa za aina nyingine: "Inakaa muda gani bila kuharibika?", "Naweza kuitumia kwenye biriani?", "Hii ina chumvi?" Hapo ndipo mazungumzo yanapoanzia, kwa sababu anayeuliza maswali hayo ameshaikubali bei.

Hatua ya 2: Chagua kibaraza kimoja au viwili

Usifungue akaunti kila mahali. Akaunti usiyojibu ni mlango uliofungwa wenye jina lako juu.

Kwangu ni Instagram na WhatsApp Business. TikTok inafaa sana kama kazi yako inavutia ikiwa inatendeka: msusi, fundi nguo, fundi seremala, mpishi. Facebook bado ina nguvu kwa wateja wa umri mkubwa na wa mikoani, hasa kupitia makundi ya mtaa na ya wilaya. Waulize wateja kumi ulio nao sasa wanashinda wapi. Watakujibu, na jibu lao ni bora kuliko la mtaalamu yeyote.

WhatsApp Business ni programu ya bure iliyotoka mwaka 2018, tofauti na ile ya kawaida. Isajili kwa laini ya biashara peke yake. Jaza katalogi yako, kila bidhaa na picha na bei. Weka ujumbe wa salamu. Halafu tengeneza majibu ya haraka: unaandika jibu mara moja, unalipatia jina fupi, na siku ukiandika alama ya mkwaju na jina hilo, jibu zima linatokea. Mimi nina /bei, /boda, /mkoani na /malipo. Kwenye jina la ukurasa wa Instagram weka bidhaa na mtaa, maana mtu anatafuta "pilau masala Tabata". Hatafuti jina la mwanao wa kwanza.

Hatua ya 3: Wafanye watu wahifadhi namba yako

Hii hatua wengi hawaijui, na ndiyo iliyonibadilishia biashara kuliko nyingine yoyote.

Status ya WhatsApp, kwa kawaida, anaiona mtu uliyemhifadhi kwenye simu yako, naye akiwa amekuhifadhi kwenye yake. Upande mmoja ukikosekana, haoni kitu. Orodha ya matangazo nayo iko hivyo: unaweza kutuma ujumbe kwa watu hadi 256 kwa mara moja, lakini unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo unaweza kuwa na wateja mia tatu waliowahi kununua, na status yako ikatazamwa na watu thelathini. Tatizo haliko kwenye picha.

Fanya hivi. Mzigo ukishafika, siku ya pili, tuma ujumbe: "Habari ya leo mama. Masala ilifika salama? Nimehifadhi namba yako. Ukinihifadhi na wewe, utaona kwenye status siku ninayosaga, ile mpya mpya." Mtu haombwi kitu cha bure hapo, anapewa sababu. Wengi wanahifadhi.

Nawe ukimhifadhi, usiandike "Mteja 47". Mimi naandika mtaa na alichonunua: "Mama Segerea chai 250". Baada ya mwezi na nusu najua chai ile inaelekea kwisha, na namuuliza kwa jina la kitu chake. Mtu akiulizwa "ile chai masala ya watoto wa shule bado ipo?" anajua anaongea na mtu anayemkumbuka.

Orodha ya matangazo usiichoshe. Mara mbili kwa mwezi zinatosha. Na usimwingize mtu kwenye kundi bila kumwuliza. Anatoka, na akitoka ametoka na kwenye biashara.

Hatua ya 4: Uliza swali ambalo watu tayari wana jibu lake

Ijumaa moja saa sita mchana niliweka picha ya sinia la pilau, nikaandika: "Pilau ya kwenu inawekwa nyanya au haiwekwi?"

Sikuandika kitu kingine zaidi ya bei mwishoni. Kabla ya saa kumi kulikuwa na komenti zaidi ya zote nilizopata miezi mitatu iliyotangulia. Mmoja akaandika, "Ukiweka nyanya huo ni wali wa nyanya, msituharibie jina." Mwingine akajibu kwamba kwao Moshi pilau bila nyanya haiendi mezani. Mama mmoja wa Tanga akatulia akaeleza vizuri kabisa: kitunguu kikaangwe taratibu hadi kiwe kahawia, weka maji kidogo, rangi yote itatoka hapo na nyanya hutaihitaji. Watu wakaanza kumwuliza yeye maswali kwenye ukurasa wangu. Jioni ile niliuza pakiti nne kwa watu ambao sikuwahi kuwaona.

Niliendelea kumjibu kila mmoja, na kila jibu langu lilikuwa na swali dogo ndani yake. Kwa yule wa Moshi: "Nyanya mnaweka kabla ya nyama au baada?" Wiki iliyofuata nilimwomba mama wa Tanga ruhusa, nikapika kwa njia yake, nikaweka video na kumtaja. Akaisambaza kwa ukoo wake wote.

Swali zuri lina sifa hizi: mtu ana jibu lake kichwani bila kufikiri sana, linahusu kitu unachouza, na hakuna anayedhalilishwa kwa jibu lake. Mwenzangu wa mitumba ya watoto aliuliza, "Mwanao wa miaka mitatu anavaa nguo iliyoandikwa miaka mingapi?" Kila mzazi alikuwa na hadithi, na yeye akajua saizi zipi afungue kwenye belo linalofuata. Fundi aliuliza kuhusu sare za harusi: kitambaa kinunuliwe na bibi harusi au kila mtu ajinunulie? Hapo palikuwa na moto wa siku mbili, na oda ya sare kumi na mbili.

Maswali yasiyofanya kazi ni yale ya "Mmeamkaje wapendwa?" na "Mnaionaje hii?". Hayana pa kushika. Simba na Yanga wataleta umati, lakini umati ule umekuja kwa mpira na utaondoka na mpira. Siasa na dini ziache kabisa kwenye ukurasa wa biashara.

Hatua ya 5: Onyesha kitu kikitendeka

Picha ya kopo haimwambii mtu lolote. Mwonyeshe kabla halijawa kopo.

Video yangu iliyofika mbali zaidi ni ya sekunde kumi na nane. Sufuria nyeusi, jiko la mkaa, binzari nyembamba ndani. Mwanzo rangi yake ni kama nyasi kavu. Kwenye dakika ya tatu hivi zinaanza kudunda, unazisikia, tik tik, na unatokea moshi mweupe mwembamba. Nilirekodi pale tu panapobadilika, nikaandika juu ya skrini: "Ukiona moshi huu, epua. Ukingoja tena, inakuwa chungu." Basi.

Vifaa: simu uliyo nayo. Futa kioo cha kamera kwa pembe ya kanga, maana mafuta ya vidole ndiyo yanayoleta ukungu kwenye picha za wengi wetu. Kaa karibu na mlango au dirisha, saa mbili hadi saa nne asubuhi, mwanga ukitokea pembeni. Shika simu wima. Anza moja kwa moja na kitendo. Nembo na muziki wa kukaribisha viache. Weka maandishi kwenye skrini, kwa sababu watu wengi wanatazama wakiwa kwenye daladala bila sauti. Na iwe fupi: bando ni hela ya mteja.

Kwa nini video ya kuepua binzari ilisafiri? Kwa sababu watu walitumiana. Mtu aliona akakumbuka dada yake anayeunguza viungo, akamtumia. Januari 2025, Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, alieleza mambo matatu ambayo mfumo wao unayapa uzito mkubwa: muda mtu anaotazama, laiki, na kutumiana kwa ujumbe binafsi; na akasema kutumiana kunasaidia zaidi posti iwafikie wasiokufuata. Kwa hiyo kabla ya kuposti jiulize: nani atamtumia nani hii, na kwa nini? Ukikosa jibu, irudie.

Hatua ya 6: Jibu kama mtu aliyesimama mbele ya meza yako

Anayekomenti amesimama dukani. Ungekuwa na meza Kariakoo, usingemwacha asimame kwa saa tano nzima bila kumtazama.

Jibu ndani ya saa moja ukiweza, hasa saa moja ya kwanza baada ya kuposti. Usiposti halafu ukaingia kikao. Na usimjibu mtu hadharani kwa "nimekujibu inboksi", kwa sababu swali lake lilikuwa la watu ishirini wengine ambao hawakuandika.

Mteja aliuliza: "Chai masala ina tangawizi?"

Ningeweza kujibu "Ndiyo", na yangeishia pale. Nilijibu: "Ndiyo dada, tangawizi kavu ndiyo nyingi humo, halafu iliki na mdalasini. Wewe unapika ya maziwa au ya rangi? Kwa ya rangi weka nusu kijiko tu." Akasema ya rangi, mume ana shida ya maziwa. Watu wawili wakaingia na wao hawatumii maziwa. Jibu la maneno ishirini na kitu likazaa wanunuzi watatu.

Mpangilio ni huo: jibu ulichoulizwa, ongeza kitu kimoja cha faida, malizia kwa swali. Na mwite mtu anavyostahili. Ukiona ni mtu mzima, anza na shikamoo hata kwenye komenti. Inasomwa na wengi na inakuheshimisha. Dada, kaka, mama, mzee. Usipojua, "ndugu mteja" haina kosa. Usimwite kila mtu "bosi" au "mrembo". Kuna wanaokereka na hawatasema.

Akikuomba upunguze, usinune. Kuomba kupunguziwa ni desturi yetu, ni njia ya kuanza kuongea. Sema: "Kwa gramu 100 siwezi dada, ila ukichukua 250 unaokoa 1,500." Umemjibu kwa hesabu, na bei yako imebaki ilipo.

Na "Asante sana mpendwa" iliyonakiliwa chini ya kila komenti ni sawa na kutojibu.

Hatua ya 7: Lalamiko likija hadharani, lijibu hadharani

Mama mmoja aliandika chini ya posti yangu, mbele ya watu wote: "Masala yako ina mchanga. Nimeaibika mbele ya wageni." Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye sehemu ya kufuta.

Sikufuta. Niliandika: "Shikamoo mama. Pole sana kwa aibu hiyo, naomba radhi. Nakupigia sasa hivi nijue ni pakiti ya lini." Nikapiga. Ilikuwa ya usagaji wa Jumatatu. Wiki ile nilikuwa nimenunua binzari kwa muuzaji mpya wa jumla, oda zilikuwa nyingi, na nikapeta mara moja badala ya mbili. Kosa lilikuwa langu. Nikamrudishia hela yake kwenye simu, nikamtumia pakiti nyingine kwa boda niliyoilipa mimi. Kisha nikarudi kwenye komenti ile ile: "Mama tumeongea. Ni kweli, binzari ya usagaji wa Jumatatu haikupetwa vizuri. Nimeziondoa pakiti 14 zilizobaki. Aliyenunua Jumatatu hadi Jumatano aniandikie, nambadilishia." Wawili waliniandikia, nikawabadilishia.

Siku iliyofuata niliketi mlangoni na ungo, nikajirekodi nikipeta. Mwisho wa video nikaonyesha kiganja: vijiwe, vijiti, chenga za udongo, vyote vya kilo moja ya binzari. Watu waliuliza maswali mpaka usiku. Wengi hawakuwahi kujua kwamba hata ile wanayonunua sokoni inatakiwa kupetwa. Yule mama bado ananunua kwangu.

Kwenye radhi usiweke "lakini". Ukisema "samahani lakini wateja wengine hawajalalamika", umemwita mwongo. Matusi ni kitu tofauti: anayetukana tu, bila kudai chochote, mfiche na usibishane naye.

Hatua ya 8: Vunja hofu ya kutapeliwa

Karibu kila mtu anayenunua mtandaoni ana ndugu aliyetuma hela akazuiwa. Hofu hiyo unaikuta ipo, na ni wajibu wako kuipunguza. Onyesha uso wako, angalau mara moja kwa wiki. Onyesha unapofanyia kazi. Jina la lipa namba yako lifanane na jina la biashara au lako unalojulikana nalo, na liandike kabisa ili mteja akiliona kwenye simu asisite. Kwa mzigo wa mkoani, mimi naupeleka Stendi ya Magufuli pale Mbezi, napiga picha ya boksi na risiti ya basi, namtumia mwenyewe.

Ujumbe wa mteja aliyefurahi ni mali, lakini ni mali yake. Mwombe ruhusa kabla ya kuuweka, funika namba na jina, funika na picha ya wasifu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana ya kwao ya 2019, na hata bila sheria, mtu hakukutumia neno lake ili limwagwe.

Kwa wauza chakula, mtaulizwa alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na anayeuliza ana haki. Kama bado uko kwenye mchakato, sema uko hatua gani. Usibandike nembo ambayo hujapewa.

Hatua ya 9: Ratiba ndogo unayoiweza

Posti tatu kwa wiki, status kila siku. Ijumaa mchana kwangu ni dhahabu kwa sababu ya pilau ya wikendi. Kwako inaweza kuwa Jumatatu. Angalia kwenye takwimu za akaunti ya kibiashara saa ambazo wafuasi wako wako hewani. Kumbuka mwendo wa hela: kuanzia tarehe 25 watu wananunua, katikati ya mwezi wanauliza na kuhifadhi. Kumbuka Ramadhani, Idi, Krismasi, shule kufunguliwa Januari. Rekodi video zote za wiki Jumapili asubuhi kwa mkupuo mmoja.

Hatua ya 10: Usinunue umati

Nilinunua wafuasi 3,000 kutoka kwa kijana aliyenihakikishia ni watu wa Dar. Walikuwa majina yasiyo na nyuso, hayajawahi kuandika hata neno moja. Posti zangu zikawa zinapelekwa kwa watu wasiokuwepo, na niliwatoa mmoja mmoja kwa wiki tatu. Hela iliyokwenda hairudi.

Mashindano ya "tag watu watano ushinde" yanaleta wapenda vya bure, na wanaondoka siku mshindi akitangazwa. Kama una cha kutoa, mpe aliyerudi mara ya tatu: mwekee kifuko cha iliki ndani ya mzigo bila kumwambia. Atapiga picha mwenyewe.

Tangazo la kulipia nalo lina wakati wake. Lipia posti iliyokwisha kufanya vizuri bila kulipiwa, chagua eneo unaloweza kufikisha mzigo, siku tatu hadi tano, na liwapeleke watu WhatsApp moja kwa moja. Posti iliyododa, hela haiifufui.

Hatua ya 11: Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila Jumapili usiku naandika namba nne: wangapi waliuliza, wangapi walinunua, wangapi kati yao wamerudi, na posti ipi iliyowaleta. Hii ya mwisho naipata kwa kuuliza tu, "Ulituonea wapi?"

Ukitaka kupima posti yenyewe, chukua laiki, komenti, waliohifadhi na waliotumiana, jumlisha, gawa kwa idadi ya watu waliofikiwa, zidisha kwa 100. Posti iliyofikia watu 400 na kuitikiwa mara 36 ina asilimia 9. Iliyofikia 5,000 na kuitikiwa mara 50 ina asilimia 1. Ya kwanza ndiyo ya kurudia kwa namna nyingine wiki ijayo. Usijilinganishe na ukurasa wa mtu mwingine. Linganisha Machi yako na Februari yako.

Wauliza wengi na wanunuzi wachache maana yake kuna kitu kinawakwaza katikati, mara nyingi boda au njia ya malipo. Wanunuzi wengi wasiorudi maana yake ni bidhaa, na hapo mtandao hauwezi kukusaidia, rudi jikoni.

Hatua ya 12: Linda akaunti, na ufunge duka usiku

Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye Instagram na kwenye WhatsApp leo hii, kabla hujaposti tena. Tarakimu sita zinazokuja kwa meseji usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kama mhudumu wa mtandao au rafiki aliyekosea namba. Mwenzetu mmoja sokoni alizitoa, na jioni ile wateja wake wakaombwa watume hela kwenye namba nyingine kwa jina lake. Ilimchukua miezi kuwarudisha.

Kama kuna mdogo wako anayekusaidia kujibu, kaa naye siku moja mjibu pamoja. Mwonyeshe unavyosalimia, unavyokataa kupunguza, unavyoomba radhi. Mteja asihisi kwamba leo ameongea na mtu mwingine.

Na upumzike. Simu ya biashara mimi naiweka pembeni saa nne usiku. Anayeandika baada ya hapo anapata ujumbe huu, nilioupanga kwenye WhatsApp Business: "Habari. Sasa tumelala. Pilau masala ni sh 5,000 kwa gramu 100 na sh 11,000 kwa gramu 250. Acha swali lako hapa pamoja na mtaa unaokaa, saa moja asubuhi nitakujibu mwenyewe. Kesho nasaga chai."